Mama Teo na Karatasi Isiyotoka Mkononi

Ijumaa ya tarehe 29 Mei 2026, Bi. Teopista Rugaba atafunga dirisha lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na saba ya kupokea na kusajili hati za nyumba na viwanja katika miji mitatu: Columbus, Louisville na hapa kwetu Buffalo. Kijitabu hiki cha sherehe kina kurasa za Kiingereza zilizoandikwa vizuri na wakubwa wetu. Sehemu ya Kiswahili nimepewa mimi, Zéphyrin Bagula wa dawati la kunakili, kwa sababu nusu ya ukumbi jioni hiyo itajaa watu wa mtaa wa Black Rock, na wameshasema hawaji kupigia makofi wasiyoyaelewa. Niliambiwa niandike kwa ufupi. Nimeshindwa, nikaomba herufi ndogo.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mtu akinunua nyumba, muuzaji humtilia saini hati, na hati hiyo huletwa dirishani kwetu. Tunaandika siku na saa iliyofika, tunaipa namba, tunainakili, kisha tunamrudishia mwenyewe. Nakala inabaki katika rejista, na rejista iko wazi kwa kila mtu. Basi, ni hayo tu. Mtu asiye na kitu mfukoni anaweza kuingia kutoka barabarani na theluji viatuni, akaomba kuona hati ya tajiri mkubwa kuliko wote mjini, na sisi tunalazimika kumwonyesha na kumwita bwana. Mimi nimekulia Bukavu, mtaani ambako kujua kiwanja ni cha nani kulikutaka kwanza umjue mtu. Wiki yangu ya kwanza hapa sikulala vizuri kwa mshangao.

Bi. Teopista, ambaye kuanzia sasa nitamwita Mama Teo kwa sababu hakuna anayemwita vingine, ni mzaliwa wa Bukoba, na hajawahi kukaa na mtu robo saa bila kumwambia hivyo. Aliingia Columbus akimfuata mumewe, Severin, aliyekuwa anasomea mambo ya udongo. Wakapanga chumba karibu na Morse Road, yeye akaosha vyombo hotelini, kisha akapata kibarua cha kufungua bahasha katika ofisi ya kaunti. Kazi ilikuwa kuzifungua tu. Mama Teo akawa anazisoma, na kila aliposoma hati alitaka kujua huyu aliyeuza sasa amehamia wapi na kwa nini. Wakubwa waliona afadhali wampeleke dirishani akawaulize wenyewe.

Severin alipopata kazi Louisville, wakahamia mtaa wa Newburg, Mama Teo akaanza tena chini kabisa. Walipokuja Buffalo, akaanza tena chini kabisa. Katika kila ofisi alichukua muda mfupi sana kabla ya kuanza kuwapanga waliomkuta. Tusidanganyane kwamba ni mtu wa unyenyekevu. Ana kofia kwa kila siku ya juma na nyingine za akiba, anaimba nyimbo za kanisani akipiga muhuri, na ukimsifu kwa kazi nzuri hukujibu kwamba hata yeye ameona.

Kila mfanyakazi mpya amepitishwa na Mama Teo kwenye ghala letu la chini, kunakotunzwa vitabu vya zamani, vile vikubwa vya ngozi ambavyo mtu mmoja havibebi. Ukishuka naye ngazi zile lazima unyamaze. Hufungua kitabu kimoja, hukuonyesha mwandiko wa mtu aliyekufa kabla babu ya babu yako hajazaliwa, jina la mkulima fulani na ekari zake na mkewe aliyetia alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika. Kisha husema kwamba mwanamke yule bado anajulikana. Nimeshuka ngazi zile mara nyingi tangu hapo, na mwili bado hunisisimka.

Sasa nieleze na habari ya senene, maana nisipoieleza mimi ataieleza mkuu wa kitengo, na ataiharibu. Kila Novemba dada yake Mama Teo humtumia kopo la senene, wale panzi wa Bukoba, waliokaangwa. Mwaka mmoja aliliacha wazi karibu na mashine ya kahawa. Mkuu wetu, mtu wa papa hapa Buffalo, akachota kiganja kizima akidhani ni vitafunwa vya dukani. Akasifu. Akaongeza. Akauliza vimetengenezwa na nini, na Mama Teo akamweleza kwa fahari yote, hadi namna ya kung'oa mabawa. Bwana yule alitazama kopo, akachota tena. Mama Teo akatutangazia kwamba huyu ni kiongozi anayefundishika.

Lakini nikimaliza kwa kofia na senene, watu wa Black Rock watanifuata nyumbani. Wanasubiri habari ya kibao.

Ilikuwa Machi ya mwaka 2019, theluji bado imejaa. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mwenye kitenge juu ya koti la baridi, amekumbatia kibao cha kuuzia nyumba, vile vinavyochomekwa bustanini, miguu yake ya chuma ikidondosha matope sakafuni. Alikuwa amekuja nacho kwenye basi. Jina lake Kanyana, mjane, mtu wa nyanda za juu za Kivu Kusini. Wengi humwita Mama Isimbi kwa jina la binti yake. Akawapita watu wote wa foleni na kukilaza kile kibao mbele ya Mama Teo.

"Ni nani anauzisha nyumba yangu?" akauliza.

Kisa kilitoka kidogo kidogo. Kanyana alikuwa ameishi Newburg, kisha Columbus, kisha akasikia kwamba Black Rock hata mtu anayehudumia wazee, kama yeye, anaweza kununua nyumba. Akanunua moja kwa mzee mmoja Mmarekani, mstaafu wa kiwandani aliyeishi peke yake. Mzee alitia saini mbele ya ofisa anayethibitisha saini, karatasi zote za kuambatana zikajazwa, na muumini mwenzake na Kanyana aitwaye Nkusi akatafsiri na kusimama kama shahidi. Wakaombea nyumba, wakala ugali na sombe, majani ya muhogo, humo ndani, mzee naye akala. Kwa Kanyana mambo yalikuwa yamekamilika. Mashahidi walikuwepo, chakula kililiwa, karatasi iko kwake. Paa lilihitaji matengenezo, hivyo nyumba ilibaki tupu huku yeye akiendelea kupanga kwingine.

Kitu kimoja hakukifanya: hakuileta hati kwetu. Si kwamba hakujua. Mzee alimwambia, na Nkusi alimtafsiria. Alikataa. Mtu aliyepita kambi ya wakimbizi hakabidhi karatasi yake ya asili dirishani, hilo hafundishwi na mtu. Huko kambini Kanyana aliwahi kuingiza cheti chake cha ndoa kwenye dirisha moja kwa sababu walisema kinakwenda kunakiliwa. Hakikurudi. Mumewe alipofariki, alikaa miaka akiwa mjane ambaye hawezi kuonyesha kwamba aliolewa. Kwa hiyo hati ya nyumba aliifunga kitambaani, akajifunga nayo kiunoni chini ya nguo, na huko ndiko ilikokuwa siku hiyo alipokuja na kibao.

Mzee wa watu alikuwa amefariki majira yale ya baridi. Mpwa wake wa pekee, anayeishi mbali, aliangalia rejista akakuta nyumba ingali kwa jina la mjomba. Hakumdanganya mtu. Rejista ndivyo ilivyosema, naye akaiuza kama urithi wake.

Mama Teo alikigeuza kile kibao. Juu yake kulikuwa na kipande kidogo kilichobandikwa kikisema kwamba mnunuzi ameshapatikana. Akakisoma mara mbili, na ule wimbo uliokuwa mdomoni ukakatika. Maana yake ilikuwa moja: hati ya mnunuzi huyo ingeweza kutufikia kwa kompyuta saa yoyote, hata saa ile. Na sheria ya huku, kwa ufupi, ni kwamba nyumba moja ikiuzwa mara mbili, yule wa pili aliyenunua bila kujua, akitangulia kusajili, anaweza kuichukua. Kanyana alikuwa ameweka pale jasho lake na la ukoo mzima.

Dirishani kwetu kuna tangazo kwamba haturuhusiwi kumshauri mtu mambo ya sheria. Mama Teo analiheshimu tangazo lile. Akamwambia Kanyana, "Mama Isimbi, mimi si wakili. Naruhusiwa kukwambia kazi yangu tu. Ukinipa hati, naandika saa iliyofika, inanakiliwa, nakurudishia mkononi."

Akampigia wakili wa msaada wa bure na kumpa Kanyana simu, na mkalimani kwenye laini hiyo hiyo. Wakili akasema asajili sasa hivi, asingoje. Kanyana alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akarudisha simu.

"Uyo mutu simujue," alisema. "Karatasi yangu haitoke mu mukono yangu. Bon, niite kwanza Semahoro."

Semahoro ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, anakaa Newburg. Alipopokea simu, foleni nzima ilimsikia. "Usipeane kitu! Niko nakuja!" Tena hakuja moja kwa moja. Alisema atapitia Columbus kumchukua Nkusi, ambaye alikuwa amehamia kule kufanya kazi kwenye maghala, kwa sababu hati haiwezi kwenda mbele ya serikali bila shahidi wake. Kutoka Louisville hadi Columbus, kutoka Columbus hadi Buffalo, na barabara yote ni theluji. Akawasha gari akaondoka.

Kanyana akakaa kwenye benchi linalotazama dirisha, kibao magotini, kumngoja. Baada ya muda akainuka, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Teo, ya wale wengine ikifika, utaificha kidogo, si ndiyo? Wewe ni dada yetu. Tunasema Kiswahili wote."

Mama Teo hakushusha sauti yake. "Mama Isimbi, ikifika kabla ya yako, nitaisajili kabla ya yako. Kwa mkono huu huu. Sitaificha hata dakika."

Kanyana alirudi benchini kana kwamba amepigwa. Mmoja wetu alimnong'oneza Mama Teo kwamba kompyuta hukwama kila siku, na hakuna ambaye angeshangaa ikikwama leo. Mama Teo alimtazama hadi akakumbuka ana kazi za kufanya. Mimi nilimwonea Kanyana huruma, na Mama Teo nilimkasirikia. Niliona ana roho ngumu.

Siku ikaendelea. Wakaja maharusi wenye nyumba yao ya kwanza, wakaja ndugu wawili wasiosemeshana waliokuwa wakigawana shamba, wakaja vijana wa mawakili na marundo yao. Kanyana alitazama. Kila karatasi iliingia dirishani, ikaondoka kwenda nyuma kwenye mashine yangu, ikarudi, na Mama Teo akaiweka katika mkono ule ule ulioileta. Kila kompyuta ilipolia kwamba kuna hati mpya imeingia, Kanyana alishtuka na kumtazama Mama Teo usoni, naye Mama Teo akaifungua mara moja. Mchana iliingia moja ya mtaa ule ule wa Black Rock. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimwona akifumba macho kabla ya kusoma namba ya nyumba. Ilikuwa ya jirani. Akaisajili. Hapo hasira yangu ikaisha, maana niliona kwamba anaogopa kuliko sisi sote, na kwamba hata hivyo angeifungua ile itakayofuata.

Alasiri Semahoro akapiga simu. Walikuwa wametoka Columbus na Nkusi, lakini theluji ya ziwani ilikuwa imefunga njia, magari yamesimama. Akaamuru Kanyana aende nyumbani na hati yake, watakuja wote kesho.

Kanyana akakata simu bila kujibu. Akakiweka kibao chini, akageukia ukuta, akaingiza mkono chini ya kitenge, akafungua fundo. Aligeuka na ile hati imekunjwa, akaja nayo kaunta, akaiweka mbele ya Mama Teo huku ameshika ncha moja.

"Wewe ulinikatalia mbele ya macho," alisema. "Mutu wa kunidanganya angeniambia ndiyo. Kamata."

Akaachia.

Nimefanya kazi nyingi na nimeona mengi, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko vidole vile vikifunguka. Foleni yote ilisogea kutazama, hata wale wasiojua neno la Kiswahili. Mama Teo akaandika saa, akatoa namba. Kisha akaniita nilete mashine ya kunakili mbele, kwa sababu dawati langu liko nyuma ya ukuta na mteja haoni kinachotendeka huko. Niliiburuta mpaka nyaya zikakaza. Nikapitisha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Kanyana hakupepesa macho. Mama Teo akazikusanya na kumrudishia.

"Iko moto," Kanyana alisema, akiishika hati yake, ingali na joto la mashine, kwa viganja viwili. Akaanza kulia.

Kabla hatujafunga ofisi, kompyuta ililia. Mama Teo akaifungua. Mtaa ndio ule, namba ya nyumba ndiyo ile, mnunuzi mtu mwingine. Kanyana alikuwa bado yuko pale, anafunga kitambaa chake kiunoni, wala hakujua. Mama Teo akaisajili ile hati kwa mkono ule ule, kwa uangalifu ule ule, kwa sababu ofisi haichagui. Ilikaa nyuma ya hati ya Kanyana, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Semahoro na Nkusi walifika usiku na kuja dirishani asubuhi. Semahoro ni mtu mrefu, na hasira ilimwongezea kimo. Mama Teo hakubishana naye. Alimkalisha kwenye kompyuta ya wateja, ile ambayo yeyote anaweza kuitumia, akamwambia aandike jina la shemeji yake mwenyewe. Semahoro akaandika kwa kidole kimoja. Jina likatokea, na tarehe, na saa. Chini yake likatokea lile jingine, tarehe hiyo hiyo, saa ya baadaye kidogo. Alizitazama zile saa mbili kwa muda mrefu. Akavua kofia.

"Donc, kama mungeningojea..." alisema, asimalize.

Nkusi, ambaye alikuwa amesafiri njia yote ile kuja kushuhudia, alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kazi. "Sasa shahidi ni mimi ama ni hii mashine?"

"Ni wewe," Mama Teo akamjibu, "na ni mashine, na ni kila mtu atakayeingia mlango ule akauliza nyumba ya Kanyana ni ipi."

"Hata mimi, nikiwa sina kitu hapa?" Semahoro akauliza.

"Hata wewe, mzee wangu."

Semahoro akaweka kofia magotini. "Shamba yetu ya kule juu ilikuwa na mashahidi saba," alisema. "Walikufa wote. Sasa hakuna mutu wa kusema ilikuwa yetu." Hakulalamika, alieleza tu. Mama Teo alikaa karibu naye kwenye kiti cha wateja mpaka alipotaka kuondoka, foleni ikamngoja.

Mengine yalifanywa na mawakili. Mnunuzi wa pili alirudishiwa fedha zake akapata nyumba nyingine. Yule mpwa alikuja mwenyewe Black Rock na funguo za akiba za mjomba, akaomba radhi ingawa hakuwa na kosa, na Kanyana akamrudishia kibao chake kikiwa kimeoshwa. Semahoro kabla ya mwaka kwisha alihama Newburg, akanunua nyumba mtaa wa pili, na siku hiyo hiyo ya kutia saini alikuwa dirishani kwetu kabla hatujavua makoti.

Mashine yangu haikurudi nyuma. Mkuu wa kitengo alilalamika juu ya nyaya, kisha juu ya nafasi, kisha akaja akasimama siku moja akiwatazama wateja wanavyotazama karatasi zao, akaleta fundi azifungie nyaya vizuri. Mama Teo alishasema ni mtu anayefundishika.

Mama Teo naye akaanza kutumia likizo zake vibaya, kwa maoni ya Severin, ambaye ndiye aliyekuwa dereva. Walikwenda Newburg, wakaenda Columbus kwenye kumbi za makanisa za Morse Road, na hapa Black Rock ndiyo usiseme. Hakwenda kuhutubia. Aliweka meza, akaiita dirisha, na watu wakafanya mazoezi ya kukabidhi karatasi na kurudishiwa. Karatasi zenyewe zilikuwa picha zilizochorwa na watoto wa shule ya Jumapili: nyumba zenye moshi, ng'ombe wenye pembe ndefu. Unaweza kucheka. Mimi nilicheka, hadi nilipomwona mzee mmoja Newburg ameshika picha ya ng'ombe ya mjukuu wake, anaipeleka mezani, anairudisha kifuani, anaipeleka, anairudisha, na Mama Teo amenyoosha mkono tu, hamvuti, hamharakishi. Mzee alipoachia, ukumbi wote ulisimama. Kisha Mama Teo akawaambia kila mtu aende kwenye ofisi ya kaunti yake, maana yeye yuko Buffalo na hawezi kuwa kila mahali, ingawa angependa.

Oktoba iliyopita Kanyana alikuja dirishani kwetu na hati mpya, ya kumwingiza Isimbi kwenye nyumba ili siku moja ibaki kwake bila maneno. Isimbi sasa ni mtu mzima, alikuwa mlangoni akimhimiza mama yake kwa Kiingereza kwamba gari limeegeshwa pabaya. Kanyana alikuwa na simu sikioni, anabishana na mtu juu ya sombe ya harusi, kwamba haitatosha, kwamba waongeze. Akatoa karatasi mkobani, akampa Mama Teo bila kumtazama, akaendelea na sombe yake. Mama Teo akaandika saa, nami nikanakili. Tulipogeuka kumrudishia, hakuwepo.

Alikuwa ameisahau.

Mama Teo aliitazama ile hati, akalitazama benchi tupu. Kisha akatoka mbio. Hakuvaa koti, mvua ilikuwa inanyesha, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijamwona akikimbia. Tulijazana dirishani kumtazama akivuka barabara, karatasi ameificha chini ya kofia yake nzuri ya Alhamisi. Gari lilikuwa linaondoka. Akaligonga, kioo kikashushwa, na maneno yaliyosemwa hapo nimeyapata kwa Isimbi mwenyewe.

"Mama Teo! Unanikimbilia na karatasi?" Kanyana alisema, simu bado sikioni. "Si inabakiaka kwenu?"

Mama Teo alirudi ameloa, akakaa kwenye kiti chake, akacheka na machozi yakimtoka bila kuyafuta. Alipotulia alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa kitengo na kumpa tarehe ya kustaafu. Mkuu alishtuka, akauliza kama kuna aliyemkosea. Akajibu kwamba hakuna, ila kazi aliyokuja kuifanya imekwisha, na iliyobaki ni kupiga mihuri, ambayo hata sisi tunaiweza.

Mama Teo, asante. Asante kwa kila mkono ulioungoja mpaka ukafunguka, na kwa kutukatalia mbele ya macho kila tulipostahili kukataliwa. Severin, tunakurudishia mtu wako, jitayarishe kupangwa. Kaeni salama, mle vizuri, mlale hadi jua liwe juu, na Mungu awazidishie miaka. Na Mama Teo, kama ukisahau kitu chochote ofisini kwetu, usirudi mbio. Kitakuwa salama.